Bamba jeusi, bamba jeupe, msasa uleule

Mabamba mawili ya akriliki yamelala mezani, moja jeusi na moja jeupe. Yote yamepigwa msasa namba 240, kisha namba 600, mpaka mng'ao umekwisha. Ng'ambo ya meza kuna taa moja ndogo isiyo na kifuniko. Upande huu kuna jicho, na mbele ya jicho kuna kipolarishi: kichujio kinachopitisha mwanga unaotetemeka kwa mwelekeo mmoja na kuuzuia ule unaotetemeka kwa pembe mraba na huo.

Zungusha kipolarishi robo mzunguko.

Bamba jeupe linafifia kidogo tu, pengine usitambue. Bamba jeusi linazimika. Ule ukungu wa kijivu ulioachwa na msasa unatoweka, na bamba linakuwa jeusi tii kana kwamba halijawahi kuguswa.

Maelezo yanayorudiwa kila mara ni kwamba uso laini huupolarisha mwanga unaouakisi, yaani huufanya utetemeke zaidi kwa mwelekeo mmoja, na uso wenye mparuzo huuvuruga, hivyo upolarishaji hupotea. Kama ni hivyo, mabamba haya yangefanana, maana msasa ni uleule, mkono ni uleule, na plastiki ni ileile isipokuwa rangi. Kwa wiki kadhaa swali hili limekataa kuniacha: ikiwa mparuzo ndio mharibifu, kwa nini umeliharibu jeupe na kuliacha jeusi?

## Ulaini una masharti

Uso hauwi laini peke yake. Ulaini hutegemea urefu wa wimbi la mwanga na pembe ambayo mwanga unaangukia. Kigezo cha Rayleigh huweka mpaka hivi: chukua urefu wa wimbi, ugawe kwa mara 8 ya kosaini ya pembe ya kuangukia, pembe hiyo ikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso. Tofauti ya kimo kati ya vilele na mabonde ikiwa chini ya jibu hilo, uso unahesabika kuwa laini.

Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550 unaoshuka wima, mpaka ni nanomita 69. Mwanga huohuo ukija kwa digrii 85, karibu ukilala juu ya uso, mpaka unapanda hadi nanomita 790 hivi. Kwa digrii 88 unakaribia mikromita 2. Ndiyo maana karatasi ya kawaida ukiishika usawa wa jicho, ukatazama kuelekea dirishani, huanza kung'aa kama iliyopakwa nta. Ndiyo maana pia lami kavu humeremeta Jua likiwa chini.

Msasa namba 600 una chembe za wastani wa mikromita 26 hivi, na mikwaruzo yake huwa na kina cha mikromita kadhaa. Kwa wimbi la nusu mikromita, hiyo ni nchi ya milima. Kwa pembe za kawaida, hakuna hesabu itakayoliita bamba letu laini.

Kwenye nyuso zilizosuguliwa kitaalamu shida ni ya kinyume: kujua kile kidogo kinachovuja. Mparuzo wa nanomita 10 chini ya leza nyekundu ya nanomita 633 inayoshuka wima huitoa karibu asilimia 4 ya mwanga unaoakisiwa nje ya njia yake na kuitawanya. Mparuzo wa nanomita 2 hutawanya asilimia 0.16 tu. Uvujaji huenda kwa mraba wa mparuzo, kwa hiyo mafundi wa vioo vya darubini wana haki ya kuhangaikia nanomita moja moja.

## Nusu ya pembe

Tazama mkwaruzo mmoja kwa karibu. Una kuta, na kuta hizo zina vipande vidogo vilivyo tambarare vya kutosha kuakisi kama kioo. Tuviite vijiuso. Wanasayansi Torrance na Sparrow walijenga hesabu yao ya mwaka 1967 juu ya wazo hili, na programu za kuchora picha kwa kompyuta bado zinalitumia.

Vijiuso vimeelekea kila upande, lakini jicho haliletewi mwanga na vyote. Kijiuso kinachoutoa mwanga kwenye taa na kuufikisha jichoni kwa mdundo mmoja ni kile tu ambacho mstari wake wima unapita katikati kabisa ya mwelekeo wa taa na mwelekeo wa jicho. Vilivyobaki vinautupa mwanga kwingine.

Sasa uliza: mwanga unaviangukia vijiuso hivyo vilivyoteuliwa kwa pembe gani?

Nusu ya pembe iliyo kati ya taa na jicho. Kila kimoja, bila kujali bamba limeinamia wapi wala msasa ulikuwa namba ngapi.

Mimi naona hapa ndipo fundo linapofunguka. Mwaka 1815 mwanafizikia David Brewster alionyesha kwamba tanjenti ya pembe ambayo mwanga ulioakisiwa hupolarishwa kikamilifu ni sawa na indeksi ya kupinda mwanga ya kitu kinachouakisi. Akriliki ina indeksi ya 1.49, kwa hiyo pembe yake ni digrii 56. Ukiweka taa na jicho kwa tofauti ya digrii 112, basi kila kijiuso kinachokuletea mwanga kipo kwenye pembe ya Brewster kwa wakati mmoja. Bamba likiwa limelala mezani, hiyo ni sawa na kuiweka taa digrii 34 juu ya usawa wa meza, na jicho digrii 34 upande wa pili.

Kuthibitisha ni rahisi. Usiguse taa wala kamera. Ingiza kabari ya digrii 15 chini ya bamba jeusi ambalo halikupigwa msasa: mng'ao unatoweka papo hapo, maana taswira ya taa imehamia kwingine. Fanya hivyohivyo kwa bamba jeusi la msasa: ukungu unabaki, pengine umepungua, na bado unazimika kipolarishi kikiwa kwenye mkao uleule. Liinamishe kushoto au kulia, mambo ni yaleyale. Mwelekeo wa mtetemo unaamuliwa na bapa linalopita kwenye taa, bamba na jicho: mtetemo unalikata bapa hilo kwa pembe mraba. Bamba lenyewe halina usemi.

Kazi ya msasa ilikuwa kusambaza. Uliongeza vijiuso vinavyotazama huku na kule, kwa hiyo mwanga ukaenda sehemu nyingi badala ya moja. Alama ya Brewster ikaenda nao.

## Mwanga ulioingia ndani

Basi jeupe limepatwa na nini?

Usoni pake mambo ni yaleyale: vijiuso vilevile, indeksi ileile, upolarishaji uleule. Ila akriliki nyeupe imejaa chembe nyeupe, kwa kawaida titani dioksidi. Mwanga unaoshuka wima huacha asilimia 4 tu usoni na kuingia na salio lote. Humo unagonga chembe, unageuka, unagonga nyingine, tena na tena, hadi hakuna kumbukumbu yoyote ya upande ulikotoka wala ya mtetemo ulioingia nao. Kisha unatoka. Mwanga huo wa ndani ndio weupe wenyewe.

Chukua namba za kufafanulia. Tuseme vijiuso vinaleta jichoni sehemu 5 za mwanga uliopolarishwa, na ndani ya bamba jeupe zinatoka sehemu 80 zisizo na mwelekeo. Kiwango cha upolarishaji kitakuwa 5 kwa 85, karibu asilimia 6. Bamba jeusi likitoa kutoka ndani nusu sehemu tu, kiwango ni 5 kwa 5.5, yaani asilimia 91. Uso haujabadilika hata kidogo.

Mwanafizikia Nikolai Umov aliliandika jambo hili mwaka 1905: kadiri kitu kinavyokuwa cheusi, ndivyo mwanga kinaoutawanya unavyopolarishwa zaidi. Nyuso nyeupe huzamisha, nyuso nyeusi huacha wazi.

Kwa hiyo mshtakiwa wa kwanza ni weupe. Ila mparuzo hauna kinga kamili, na hapa niliona lazima nirudi nyuma kidogo.

Mwanga wa ndani haukosi mwelekeo kabisa. Unapovuka uso kuelekea nje, uso unaurudisha ndani ule unaotetemeka kwa upande mmoja zaidi ya mwingine, hivyo unaopita una mwelekeo hafifu, tena wa kinyume na ule wa uakisi. Kwa uso laini wenye indeksi ya 1.5, ukiutazama kwa digrii 30 kutoka wima kiwango hakifiki asilimia 2. Kwa digrii 60 ni karibu asilimia 10. Upolarishaji huu ndio msasa unaouumiza kwelikweli. Uakisi wa mdundo mmoja huchagua vijiuso vyenye mwinamo mmoja. Mwanga wa kutoka ndani hauchagui, unapita kwenye vijiuso vya kila mwinamo, kila kimoja na mwelekeo wake, na ukijumlisha kinachobaki ni kidogo.

Msasa uleule, aina mbili za mwanga, matokeo mawili tofauti. Nikiulizwa kama mparuzo huondoa upolarishaji, siku hizi swali langu la kwanza ni: wa mwanga gani?

Kuna njia nyingine mbili za uharibifu. Mwanga unaweza kudunda kutoka kijiuso kimoja hadi kingine kabla ya kutoka, na mdundo wa pili haufuati tena kanuni ya nusu ya pembe. Hii huongezeka mikwaruzo inapokuwa na kuta kali. Ya pili ni taa yenyewe: mwanga ukitoka pande nyingi, kama chini ya mawingu mazito, kila upande una bapa lake, na mielekeo inafutana jichoni. Ukijaribu mabamba haya chini ya taa ndefu za dari, utaondoka na jibu lisilo sahihi kuhusu uso, kumbe kosa ni la taa.

## Skrini inayotunza mwelekeo

Kwa anayeona bado kwamba akriliki nyeusi ni mfano wa kipekee, sinema za pande tatu zinazotumia miwani ya kupolarisha zimetoa ushahidi kwa miongo mingi. Projekta hutuma picha mbili zenye mitetemo tofauti, moja kwa kila jicho. Skrini inatakiwa kuzitawanya hadi viti vya pembeni, kwa hiyo haiwezi kuwa laini kama kioo. Inatakiwa pia itunze mtetemo, la sivyo jicho la kushoto litaona kivuli cha picha ya kulia.

Skrini nyeupe ya kawaida inashindwa, kwa sababu hutawanya kutoka ndani. Inayofaa ni iliyopakwa rangi yenye vipande vidogo vya alumini, ile iitwayo skrini ya fedha. Mwanga hauingii ndani ya metali zaidi ya kina kidogo mno. Unadunda usoni mara moja na kuondoka. Mparuzo upo, mtawanyiko upo, mwelekeo upo. Gharama yake ni kwamba katikati ya picha hung'aa zaidi na viti vya pembeni hupata mwanga pungufu.

Wapiga picha za michoro ya rangi za mafuta hutumia kanuni hiyohiyo kwa kuigeuza. Kipolarishi chembamba kama karatasi hufunikwa juu ya kila taa, vyote kwa mwelekeo mmoja, na kipolarishi cha lenzi hugeuzwa pembe mraba navyo. Mng'ao kutoka kwenye matuta ya brashi, yaliyoelekea kila upande, unazimwa karibu wote kwa mpigo, na rangi halisi inabaki kwa sababu imetoka ndani. Kila kipolarishi hupitisha karibu asilimia 40, kwa hiyo viwili hukuachia karibu moja ya sita ya mwanga. Ongeza muda wa picha mara 6, usiongeze unyeti wa kamera. Na kama mchoro una jani la dhahabu, tahadhari: metali haina mwanga wa ndani wa kuuokoa, kwa hiyo dhahabu itatoka nyeusi kama kaa. Piga picha ya pili bila kuvukanisha vipolarishi.

## Tone la maji

Weka tone la maji kwenye bamba jeusi la msasa. Mahali pale panakuwa peusi na penye kina, kama bamba jipya.

Sababu ni tofauti ya indeksi. Hewa ina 1, akriliki 1.49, na kwenye mpaka wao asilimia 4 ya mwanga unaoshuka wima huakisiwa. Maji yana 1.33. Kwenye mpaka wa maji na akriliki kinachoakisiwa ni asilimia 0.3 tu. Mikwaruzo haijaenda popote, ila haina tena nguvu ya kutawanya. Juu yake kuna uso wa maji ulio laini, unaoakisi asilimia 2 kuelekea upande mmoja tu.

Lami iliyolowa ni hadithi hiyohiyo kwa ukubwa mwingine. Inakuwa nyeusi, na wakati huohuo inapata ngozi laini ya maji yenye pembe ya Brewster ya digrii 53. Weusi na ulaini vinashirikiana, na mmeto wake unapolarishwa sambamba na ardhi. Miwani ya kupolarisha huuzuia huo. Kwenye lami kavu miwani hiyohiyo husaidia kiasi.

## Kupima bila kujidanganya

Jicho linatosha kwa kuonyesha. Kwa namba unahitaji kamera kwenye stendi, kipimapembe, chumba chenye giza na kitambaa cheusi nyuma ya bamba.

Funga kila kitu kinachojiendesha: muda wa picha, unyeti, mizani ya rangi, fokasi. Hifadhi faili ghafi. Picha ya JPEG imepindishwa ili ipendeze machoni, na thamani yake ikiongezeka maradufu haimaanishi mwanga umeongezeka maradufu, kwa hiyo asilimia utakazokokotoa hazitakuwa na maana. Hakikisha hakuna sehemu iliyounguzwa na mwanga: ile angavu kuliko zote ibaki chini ya nusu ya uwezo wa kihisi.

Piga picha nne, kipolarishi kikiwa kwenye digrii 0, 45, 90 na 135. Jumla ya picha ya 0 na ya 90 ni mwanga wote. Tofauti yake ni kipimo cha kwanza. Tofauti ya 45 na 135 ni kipimo cha pili. Vipimo hivyo viwili vipigie mraba, jumlisha, chukua kipeuo cha pili, gawa kwa mwanga wote: hicho ndicho kiwango cha upolarishaji. Jumla ya 45 na 135 inapaswa kulingana na ile ya 0 na 90. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia moja au mbili, kuna kitu kimesogea au taa inapepesa.

Kosa linalowapata wengi zaidi liko kwenye kipolarishi cha duara cha kamera. Upande wa nyuma kina tabaka linalougeuza mwanga uwe wa mzunguko baada ya kuchujwa. Kikifungwa kinyumenyume hakichuji tena mtetemo ulionyooka, na kila uso utaonekana haujapolarishwa. Kijaribu kwanza mbele ya skrini ya kompyuta bapa ya aina ya fuwele kimiminika, ambayo mwanga wake tayari una mwelekeo mmoja: lazima kuwe na mkao unaoifanya skrini iwe karibu nyeusi.

Kosa la pili ni unga. Msasa huacha vumbi jeupe la plastiki ndani ya mikwaruzo, nalo hutawanya mwanga kama rangi nyeupe inavyofanya. Bamba jeusi lisilosafishwa litakupa kiwango cha chini, nawe utaulaumu mparuzo. Piga msasa pamoja na maji, suuza kwa sabuni na brashi laini, suuza tena, liache likauke kabisa. Zungusha mkono kwa miduara badala ya kusugua upande mmoja, maana mikwaruzo sambamba hutawanya mwanga kwa mstari na kufanya matokeo yategemee bamba limegeuzwa vipi.

## Kerengende na jiwe jeusi

Wadudu wengi wanaotaga majini huyatambua maji kwa mwanga uliopolarishwa sambamba na upeo wa macho. Hawahitaji kuona rangi wala mawimbi. Mwaka 2007 watafiti wa Hungary walieleza jinsi kerengende walivyovutwa na mawe meusi ya makaburi yaliyosuguliwa yakang'aa, wakitenda juu yake kama vile wako bwawani. Lami na paneli za sola huwadanganya wadudu wengine kwa njia hiyohiyo, na mayai yanayotagwa hapo hufa.

Hili linanigusa kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu tiba hutegemea kuelewa nini hasa hufuta mwelekeo. Kulipiga jiwe jeusi msasa hakuondoi upolarishaji wake. Kunachofanya ni kuubadilisha mwelekeo ili ufuate bapa la Jua na jicho la mdudu, hivyo mara nyingi haulali tena sambamba na upeo kama wa maji. Ni nafuu, ila hutegemea Jua liko wapi. Weupe ni dawa ya uhakika zaidi. Majaribio ya mistari myembamba myeupe juu ya paneli za sola yaliwapunguza sana wadudu waliovutwa, huku sehemu kubwa ya paneli ikibaki nyeusi na kuendelea kuzalisha umeme.

## Mwezi unakataa kukubali

Uso wenye mparuzo uliopimwa kuliko yote uko juu ya vichwa vyetu. Mwezi umefunikwa na vumbi, na mwanga wake hupolarishwa zaidi pembe kati ya Jua na mtazamaji, ikipimwa kutoka Mwezini, ikiwa kwenye digrii 100 na kitu. Gawa kwa mbili, uko jirani na pembe ya Brewster ya madini ya kawaida. Zile ziitwazo bahari zake, tambarare kavu nyeusi, hupolarisha kuliko nyanda zake angavu. Umov angetabasamu.

Kisha mwanafalaki Bernard Lyot, kwenye kazi aliyoichapisha mwaka 1929, akaonyesha kitu ambacho vijiuso haviwezi kukieleza. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, pembe hiyo ikishuka chini ya digrii 23 hivi, upolarishaji hugeuka. Mtetemo unaacha kulikata bapa la mtawanyiko, lile linalopita kwenye Jua, Mwezi na jicho, na kulala ndani yake. Kiwango ni kidogo, karibu asilimia 1, ila ishara yake ni kinyume kabisa. Mdundo mmoja kwenye kijiuso, kwa pembe yoyote, hauwezi kutoa ishara hiyo.

Maelezo yaliyokubalika sana yalikuja miaka ya 1980, nayo yanahitaji midundo miwili. Wimbi linagonga punje ya kwanza, kisha ya pili, na kurudi. Wimbi jingine linapita njia hiyohiyo kinyumenyume, la pili kwanza. Njia zina urefu mmoja, kwa hiyo kuelekea kulikotoka mwanga mawimbi hayo huongezeana nguvu. Mtazamaji akisogea pembeni kidogo, jozi za punje zilizopangika ndani ya bapa la mtawanyiko huanza kupishana hatua na kupoteza faida. Zile zilizopangika kulikata bapa hubaki zimelingana, na mwanga wake unatetemeka ndani ya bapa. Hizo ndizo zinazoshinda.

Kwenye meza yetu ya mabamba hili ni gumu kulifikia. Kamera lazima iitazame sampuli karibu kabisa na mstari wa taa, na kichwa cha kamera kinaziba taa. Kioo kinachogawa mwanga hutatua kuziba, lakini chenyewe hupolarisha kwa kiwango kinachozidi mara nyingi ile asilimia 1 unayoitafuta. Inabidi upime kioo hicho peke yake kwanza, kwa kila mkao wa kipolarishi, kisha utoe athari yake.

Wanaochunguza asteroidi, miamba inayolizunguka Jua, hawana shida ya kichwa kuzuia taa, na wana sababu nzito ya kujali. Asteroidi ikionekana kama nukta tu, mwangaza wake hausemi kama ni kubwa na nyeusi au ndogo na angavu. Inayoakisi asilimia 4 ya mwanga lazima iwe na kipenyo mara 2 ya inayoakisi asilimia 16 ili zionekane sawa. Upolarishaji hutenganisha mambo hayo: weusi hutoa kiwango kikubwa, na kutoka hapo kipenyo hukokotolewa.

Asteroidi ya Phaethon ilipopimwa mwaka 2016, kwa pembe ya digrii 106.5, kiwango kilikuwa karibu asilimia 50. Ni kikubwa kuliko kile ambacho weusi wake, kama ulivyokadiriwa kwa njia nyingine, ungeruhusu. Huenda ni nyeusi zaidi ya makadirio. Huenda punje zilizoufunika uso wake ni kubwa, kwa hiyo mwanga unadunda mara chache kabla ya kutoka. Nukta ya mwanga iliyopimwa kupitia kipolarishi inaweza kuzaa majibu yote mawili, na kuyatenganisha kunahitaji kuijua saizi ya punje kwa njia nyingine.